Mmea Wenye Haya: Historia ya Ukoo wa Mikunde ya Majini

UTANGULIZI

Mtu ashukaye kutoka mjini Iringa kwenda kuikamata barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma hukutana na Ipogolo chini ya mlima. Hapo malori hupumua baada ya safari ndefu, na hapo Mto Ruaha Mdogo hupita kimya kimya, kana kwamba hauna habari na msukosuko wa wanadamu. Wasafiri wengi huikumbuka Ipogolo kwa barabara yake. Sisi tuliokulia huko twaikumbuka kwa mto.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, tulipokuwa watoto, tulikuwa na mchezo wetu bondeni. Palikuwa na kimea kilichosimama miguu majini, majani yake madogo yamepangwa pande mbili za ubua kama unyoya wa ndege. Tulikigusa, nacho kikaanza kuyakunja majani yake polepole, mithili ya mwari aliyetazamwa na wageni. Tulikiita kifauongo, tukacheka, tukaendelea kuchota maji.

Miaka ikapita, tukajifunza kwamba tulikosea. Kifauongo halisi, ambaye wataalamu humwita Mimosa pudica, ni mgeni aliyetoka Amerika. Hutambaa nchi kavu, ana miiba, na ua lake ni kijitufe cha rangi ya waridi. Kimea chetu cha bondeni kilisimama wima, ua lake lilikuwa la manjano na umbo la kipepeo, na ganda lake liligawanyika vipingili vipingili kama shanga zilizotungwa. Wote wawili ni wa jamii ya mikunde, na wote wawili huona haya, lakini ndani ya jamii hiyo kubwa ni watu wa milango mbalimbali. Hilo lilikuwa somo letu la kwanza: wafananao kwa tabia si lazima wawe ndugu wa karibu.

Somo la pili lilitujia ofisini, nalo lilikuwa chungu. Tulipokuwa watumishi vijana, ililetwa mezani kwetu barua ya kuomba bonde moja lisafishwe. Tuliulizwa bondeni humo mna nini. Nasi, bila kwenda kutazama, tuliandika kwa mkono wetu wenyewe: "Magugu tu." Bonde lilifyekwa, mfereji ukachimbwa, na kiangazi cha pili chemchemi yake ikakauka. Hatusemi kwamba chemchemi ilikauka kwa sababu ya maneno mawili. Twasema tu kwamba maneno hayo mawili yalifungua mlango, na kwamba hatukuwa na haki ya kuyaandika.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya ukoo wa kimea kile: jinsi ulivyopewa jina, ulivyoainishwa, ulivyoenea duniani, na ulivyotumiwa na watu mbalimbali. Katika kufanya hivyo twataka kuonyesha jambo moja. Kuainisha viumbe si kazi ya kubandika majina ya Kilatini juu ya vitu. Ni kazi ya kutafuta udugu, na mtu aujuaye udugu wa kitu hakitupi upesi.

JINA NA MAANA YAKE

Jenasi tunayoizungumzia inaitwa Aeschynomene. Jina hilo limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "aonaye haya", nalo latajwa katika maandishi ya watu wa kale wa Ulaya juu ya mmea uliokunja majani ulipoguswa. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alilitia katika kitabu chake kikubwa cha mimea kilichotoka mwaka 1753. Kitabu hicho ndicho kilichoweka msingi wa desturi ya kuupa kila mmea majina mawili, la kwanza la jenasi na la pili la spishi. Kwa hiyo mtoto wa Ipogolo asemaye "kifauongo" na Myunani wa kale asemaye "mwenye haya" waliliona jambo lile lile, wakalitungia neno kwa akili ile ile. Hakuna taifa lililonyimwa macho.

Miongoni mwa spishi alizozitaja Linnaeus mwaka huo zimo mbili zinazotuhusu: Aeschynomene indica na Aeschynomene aspera. Ya kwanza ni kimea cha kimo cha mtu au pungufu, kipendacho kingo za mito, mabwawa na majaruba ya mpunga. Jina lake lasema ni ya Uhindi, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba ililetwa huku kwa majahazi. Sivyo. Jina la spishi mara nyingi huonyesha mahali ambapo mtaalamu alipata sampuli yake ya kwanza, wala halionyeshi mipaka ya kwao. Aeschynomene indica ni mwenyeji wa Afrika kama alivyo mwenyeji wa Asia. Sampuli ya Uhindi ilitangulia tu kufika mezani.

Kisa cha aspera chafundisha zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu waliokuta mmea wa Afrika ulioshabihiana na aspera ya Asia waliuita kwa jina hilo hilo, kama mtu amwitaye mgeni kwa jina la binamu yake kwa kuwa wamefanana pua. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Jean Léonard, aliyekuwa akishughulika na mimea ya Kongo, alipima na kulinganisha, akaona kwamba wa Afrika ni spishi mbali. Akaupa jina la Aeschynomene afraspera, yaani aspera ya Afrika. Basi mmea uliokuwa hapa tangu kale ulipata jina lake wenyewe karibu miaka mia mbili baada ya binamu yake wa Asia.

MIMEA ILIYOKWENDA BERLIN

Je, majina haya yalifikaje mezani huko Ulaya kutoka katika mabonde yetu? Hapa hatuna budi kurudi Iringa.

Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, yako kando ya Mto Ruaha Mdogo, mto ule ule upitao Ipogolo. Ngome ya Kalenga ilivunjwa na jeshi la Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akafa tarehe 19 Julai 1898, akichagua risasi yake mwenyewe kuliko minyororo. Mwaka uliofuata, 1899, alipita Uhehe kijana wa Kijerumani aitwaye Walter Goetze, akikusanya mimea. Alikata matawi, akayabana kati ya karatasi, akayakausha, akayapa nambari na kuyapeleka Berlin. Hakurudi kwao. Alifariki mwaka huo huo huko Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa. Mimea yake ilishughulikiwa na Adolf Engler na wenzake katika hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, na mingi ilipewa majina ya kitaalamu kwa mara ya kwanza humo. Wengine walifuata njia hiyo, kama Adolf Stolz aliyekusanya kwa miaka mingi Kyimbila, katika nchi ya Wanyakyusa.

Hatuwalaumu watu hawa kwa kupenda mimea. Kazi yao ilikuwa ya bidii na imetufaa. Lakini tukumbuke kwamba nyuma ya mkusanya mimea kulikuwa na wapagazi walioubeba mzigo, na viongozi wa njia waliomwonyesha bonde, na wazee waliomtajia jina na dawa. Nambari za Goetze zimo vitabuni. Majina ya watu hao hayamo.

Kisha yakatokea maafa. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia hifadhi ya Berlin, na sehemu kubwa ya sampuli zake ikateketea. Miongoni mwa zilizoungua ni sampuli nyingi za Afrika ya Mashariki, zile za asili ambazo majina yalisimama juu yake. Ziliokoka nakala zilizokuwa zimepelekwa mapema katika makumbusho mengine. Mwaka 1954 fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, nalo lipo hadi leo. Matawi ya mimea ya Uhehe yaliyoungua hayawezi kurudishwa. Yalibakia mashahidi wawili tu: nakala zilizotawanyika, na mabonde yenyewe. Ndiyo maana bonde likifyekwa bila kutazamwa, huenda linachomwa kabati la mwisho.

UKOO WA MPINGO NA KARANGA

Baada ya vita kazi ya kuorodhesha mimea yetu ilianza upya. Mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika ya Mashariki ulianza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu ya mikunde yenye maua ya kipepeo ilitoka mwaka 1971, kwa kazi ya Gillett, Polhill na Verdcourt. Leo nchi yetu ina hifadhi ya taifa ya mimea mikavu Arusha na nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambamo vijana wetu waweza kujifunza bila kuvuka bahari.

Sasa tutazame nafasi ya mmea wetu katika ukoo. Jamii ya mikunde ina spishi karibu 20,000 duniani. Katika jamii hiyo, Aeschynomene huwekwa katika kundi la mimea yenye ua la kipepeo, pamoja na maharage, kunde na njegere. Ndani ya kundi hilo mna makabila, maana wataalamu wa mimea nao hulitumia neno hilo hilo. Hapo zamani Aeschynomene iliwekwa katika kabila dogo la peke yake, pamoja na mimea michache yenye ganda la vipingili, na karanga ikiwa jirani yake. Miti mikubwa kama mpingo na mninga iliwekwa kabila jingine. Mtu angewezaje kudhani vinginevyo? Kimoja ni kimea laini cha matopeni, kingine ni mti mgumu wa miombo.

Mwaka 2001 wataalamu walitangaza matokeo ya kulinganisha chembe za urithi za mimea hii. Yalistaajabisha. Mmea wa kinamasi, karanga, mpingo na mninga ni watu wa ukoo mmoja. Na walipotafuta alama ya mwili inayouthibitisha udugu huo, hawakuipata katika ua, wala katika jani, wala katika ganda. Waliipata mizizini. Vinundu vya ukoo huu ni vidogo na vya umbo lake, na hujitokeza pale tu mizizi midogo ichipukapo kutoka katika mizizi mikubwa. Udugu ulikuwa umefichwa ardhini.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na mwalimu pamoja na wanafunzi wake. Mpingo ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Ndio mti wa wachongaji wa Kimakonde, ambao kazi zao zimeipeleka sifa ya Tanzania mbali. Mninga umetupa vitanda, milango na meza. Karanga zimo katika mboga ya kila nyumba, na Waingereza walifyeka pori la Kongwa na Nachingwea kwa ajili yake tangu 1947, wakashindwa na kuuacha mradi mwaka 1951. Na ndugu wa hawa wote, yule ambaye mti wake ni miongoni mwa miepesi kuliko yote duniani, amesimama matopeni akiitwa gugu.

Uainishaji wenyewe haujasimama. Mwaka 2017 jamii ya mikunde, iliyokuwa ikifundishwa shuleni kwa migawanyo mitatu, iligawanywa upya katika migawanyo sita. Mwaka 2020 spishi nyingi za Amerika zilizokuwa zikiitwa Aeschynomene zilitolewa humo na kurudishiwa jina la jenasi yao, Ctenodon. Mwanafunzi asikate tamaa kwa mabadiliko haya. Mzee wa ukoo apatapo habari mpya za nasaba hurekebisha simulizi yake, wala hatumwiti mwongo.

SAFARI ZA MBEGU

Mmea huu umeeneaje katika mabara? Jibu limo katika ganda lake. Tulisema kwamba ganda hilo limegawanyika vipingili. Likikauka, vipingili hukatika kimoja kimoja, kila kimoja na mbegu yake, navyo huelea. Mto ukifurika huvichukua na kuviacha mbali, penye tope jipya. Hahitajiki mpandaji. Kwa hiyo ramani ya ukoo huu barani Afrika ni ramani ya maji. Uko Senegali na Ziwa Chad, uko Naili Nyeupe, uko katika maziwa makuu, na uko katika mito na mabwawa ya kusini. Panapokuwa na maji yapandayo na kushuka kwa majira, hapo utawatafuta ndugu hawa.

Katika nyanda zetu za juu za kusini yako maji ya namna nyingi. Wahehe na Wabena wana kilimo cha vinyungu, yaani matuta ya bondeni ambayo hulimwa kiangazi, majani yakafukiwa ndani yake yawe mbolea. Chini zaidi yapo majaruba ya Pawaga yanyweshwayo na Ruaha Mdogo, na ya Mbarali katika bonde la Usangu, ambako shamba kubwa la mpunga lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Mpunga na Aeschynomene indica hupenda maji yale yale. Kwa hiyo mkulima wa mpunga humjua mmea huyu kwa ubaya, maana mbegu zake huchanganyika na mpunga na kuushusha thamani. Hatumlaumu mkulima. Kitu kimoja chaweza kuwa gugu jarubani na hazina bondeni, kama moto ulivyo rafiki jikoni na adui darini.

MTUMBWI NA HELMETI

Spishi iliyo maarufu kuliko zote katika ukoo huu ni mti, si kimea. Wasafiri wa Naili waliuita ambachi, na jina lake la kitaalamu ni Aeschynomene elaphroxylon. Ulielezwa mwaka 1832 na wataalamu Guillemin na Perrottet kutokana na mimea ya Senegali, wakauweka katika jenasi ya peke yake, Herminiera. Mwaka 1894 Mjerumani Taubert aliurudisha kwa ndugu zake. Neno elaphroxylon maana yake ni "mti mwepesi". Waweza kufika kimo cha meta 9, na shina lake nene ni laini kama kizibo.

Watu wa Afrika hawakungoja kuambiwa kwamba mti huo ni mwepesi. Samuel Baker, aliyepanda Naili Nyeupe kuanzia Desemba 1862, aliwakuta Washiluki wakisafiri kwa vyombo vilivyofungwa kwa ambachi, vyepesi hata mtu mmoja akaweza kukibeba chombo chake begani. Katika Ziwa Baringo nchini Kenya, Wachamus wamekuwa wakivua kwa mitumbwi midogo ya vigogo vya mti huo vilivyofungwa pamoja. Wavuvi wa maziwa mengine wameutumia kuwa maboya ya nyavu. Hayo ndiyo maarifa: kujua nguvu iliyo katika udhaifu wa kitu. Mti usiofaa kwa nguzo wala kwa kuni uligeuzwa chombo.

Mfano wa pili unatoka Bengal. Huko mafundi walikata shina la Aeschynomene aspera, wakalichana kuwa karatasi nyeupe laini, wakatengeneza mapambo ya harusi na ya sanamu za ibada. Mmea huo huitwa sola. Waingereza walipotawala Uhindi waliona kwamba kitu hicho chepesi huzuia jua, wakaamuru kutengenezwe helmeti. Hivyo ikazaliwa ile kofia nyeupe ya duara iliyoonekana vichwani mwa mabwana wa kikoloni kutoka Kalkuta hadi Afrika. Babu zetu walipoiona kofia hiyo waliona amri, kodi na kifungo. Kumbe mara nyingi kilichokuwa ndani yake ni moyo wa mmea wa kinamasi, uliokatwa na fundi maskini wa Bengal, ndugu wa kimea kilichosimama matopeni chini ya miguu ya yule yule aliyeivaa. Aliivaa kichwani asichokijua, akakikanyaga asichokiona.

KAZI YA GIZANI NA YA MWANGANI

Kila mwanafunzi wa kilimo anajua kwamba mikunde hurutubisha udongo. Bakteria huishi katika vinundu vya mizizi yake, wakachukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Huo ni ushirika wa kweli, kila mmoja akitoa alichonacho.

Lakini mizizi iliyozama majini hukosa hewa ya kutosha. Mikunde kadhaa ya ukoo wetu imelitatua tatizo hilo kwa namna ya ajabu: huota vinundu si mizizini tu bali hata shinani, juu ya maji. Na kwa kuwa shina liko mwangani, baadhi ya bakteria waishio humo wana uwezo wa kutumia nuru ya jua. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya bakteria hao hawana zile jeni ambazo siku zote zilidhaniwa kuwa ufunguo wa lazima wa kuingilia mizizi ya mikunde. Wanaingia kwa mlango mwingine. Tangu hapo mimea hii imekuwa ikichunguzwa kwa makini katika maabara, kwa tumaini kwamba siku moja siri hiyo itasaidia mazao mengine yasiyokuwa na vinundu. Ndiyo kusema, mmea tuliouandikia "magugu tu" unaulizwa maswali na wanasayansi wa dunia.

IHEFU NA SISI

Tumetoka Ipogolo tukazunguka dunia. Sasa turudi nyumbani, tuutazame mto mkubwa ambao Ruaha Mdogo huuendea. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Mbeya na ya Kipengere, ukashuka Usangu, ukaingia katika kinamasi cha Ihefu, kisha ukatoka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ruaha Mdogo haupiti Ihefu. Huungana na mkubwa wake baadaye, kabla ya bwawa la Mtera. Kutoka hapo maji yao huzungusha mitambo ya Mtera na ya Kidatu, kisha huingia Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Taa nyingi za nchi hii zina deni kwa mabonde ya kusini.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Viboko walisongamana katika madimbwi, na samaki wakafa. Wafugaji walilaumiwa, na katika miaka ya 2006 na 2007 wao na mifugo yao waliondolewa Usangu. Utafiti ulionyesha kwamba jambo lilikuwa zito kuliko hivyo: maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa na mifereji ya mashamba kabla hayajaifikia Ihefu. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Aidha, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa sababu hiyo hata wakulima wa vinyungu wakajikuta katika mabishano, ingawa babu zao walilima mabonde hayo kwa adabu iliyoyaacha na maji.

Sisi hatutaki kuwa mahakimu kati ya mkulima, mfugaji na mnyama wa porini. Kila mmoja ana kiu yake. Twasema tu kwamba katika mabishano hayo yote yupo asiyekuwa na msemaji, naye ni kinamasi chenyewe. Mimea yake hushika tope, huchuja maji na kuyaachia kidogo kidogo. Mikunde yake hulisha udongo bila kudai mshahara. Mbegu zake huhitaji furiko na kupwa kwa majira. Furiko likikoma, ile ramani ya maji tuliyoieleza huanza kufutika, kipingili kwa kipingili.

HITIMISHO

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Lakini shule imewekwa ili maana iambiwe. Kwa hiyo twatoa shauri kwa walimu wenzetu. Darasa la biolojia litoke nje. Wanafunzi waende bondeni pamoja na mzee wa kijiji. Wachukue tawi moja tu la mmea, walibane kati ya magazeti, walikaushe, na waandike pembeni mahali, tarehe, aina ya udongo, na jina ambalo mzee amelitaja, liwe la Kihehe, Kibena, Kisangu au Kinyakyusa. Na waliandike jina la mzee mwenyewe, ili isitokee tena nambari ikadumu na mwenye maarifa akasahauliwa. Sampuli kumi zilizofanywa hivyo katika kila shule ni hifadhi ambayo bomu moja haliwezi kuiteketeza.

Nao vijana watakaoingia ofisini, wakaletewa barua ya kuuliza bondeni mna nini, wasiijibu kabla hawajavua viatu na kwenda kutazama.

Kwa kuwa kalamu yetu imezoea mizani kuliko majalada, tutaaga kwa ubeti mmoja:

Mpingo mgumu sana, uzamao kwa uzito,
Na mwepesi muungwana, aishiye kwenye mito,
Mzizini wafanana, wa tumbo moja watoto,
Maji yakikosekana, udugu hubaki ndoto.